Upanga Uliofuliwa Mara Mbili

Mchezo wetu ulizimwa Jumamosi moja alasiri, nami nilikuwapo. Furaha alikuwa amenipigia simu katikati ya wiki. "Papa, banauzima. Kuya tuuage." Nikauliza nani mgonjwa, akacheka mpaka simu ikakwaruza. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Alikuwa anasema juu ya ule mchezo wa mtandaoni, Bonde la Mito, ambao yeye, mimi na Olivier tuliutengenezea silaha wakati tukikaa wote Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Wachezaji walikuwa wamepungua, na wenye mashine zilizoubeba walikuwa wameamua kuzizima. Basi nilipiga pasi shati, nikapanda kabaza, ile baiskeli ya abiria, hadi barabara kuu, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeketi sebuleni kwa Furaha, Area 18 mjini Lilongwe, nikitazama kompyuta aliyoilaza juu ya meza ya kulia kama mtu anayesubiri sala ya mwisho. Jikoni mama yake alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Harufu ya mawese ilishafika mpaka mlangoni.

Watu wakiandika habari za maisha yao huchagua mwaka wa ujana. Mwaka ulionilea mimi ulinikuta na mvi. Kabla yake nilikuwa mtu wa kuwasahihisha wengine. Baada yake bado ni mtu huyo, ila sasa najisikia ninapofanya hivyo, na mara chache naweza kujizuia.

Chumba chetu cha Dzaleka kilikuwa nyuma ya kanisa, kuta za matofali mabichi na bati lililolia kila jua lilipopanda. Kulikuwa na meza ndefu iliyokuwa zamani ya kukatia nguo, kompyuta kuukuu, na betri ya sola ambayo Olivier aliifunika kwa kitenge kama mtoto mchanga. Olivier alikuwa kijana wa Uvira, mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Yeye ndiye aliyejua kuiambia kompyuta la kufanya. Kazi ilitoka kwa Chikondi, Mmalawi mwenye ofisi ndogo Lilongwe, aliyekuwa amekubali kujenga mchezo wa Kiswahili kwa watu wa nchi zetu zote wakati yeye mwenyewe Kiswahili hakijui. Alihitaji mtu wa maneno. Olivier akanikumbuka, maana mimi ndiye niliyekuwa nasoma matangazo kanisani, na nilikuwa nasimama katikati ya tangazo kumrekebisha aliyeliandika. Nilimaliza sekondari Bukavu, kwa walimu waliopiga fimbo kwa kosa la herufi, na nilikuwa nimebeba ile fimbo kichwani mpaka Malawi. Vijana waliniita Papa Diksio, kifupi cha diksioneri. Nilidhani ni sifa.

Sehemu tuliyopewa ilikuwa ya kuunda silaha. Mchezaji anaingia katika bonde, anachimba madini, anachoma makaa, anatafuta mti wa mpini, halafu anaunda mkuki, upanga au ngao, na kadiri anavyoendelea kuunda ndivyo silaha yake inavyopata nguvu. Bunduki hazikuwapo. Hilo tulikubaliana siku ya kwanza bila mtu yeyote kulieleza. Olivier aliandika hesabu za chuma na moto, Furaha alichora, mimi nilivipa vitu majina. Furaha alikuwa binti wa jirani yangu, Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Fizi. Alikuwa amemaliza shule bila kujua pa kwenda, na alikuwa na mkono ambao sijauona kwa mtu mwingine: akikuchorea jiwe, unataka kuliokota. Siku aliposhika ile kalamu ya kompyuta mara ya kwanza alisahau chai yake mpaka nzi wakaimaliza. Niliona usoni pake kwamba mtoto huyu amepata kazi yake ya maisha, na kwamba kilichobaki ni mama yake kukubali.

Mimi ndiye niliyekwenda kumwomba. Alikuwa amekaa na cherehani yake mlangoni, akishona sare za kwaya, na karibu naye beseni lililojaa sahani. "Furaha, kwanza ufule vyombo!" alimwambia binti yake. Nikamwambia, "Vyombo huoshwa, Mama Furaha. Zinazofuliwa ni nguo." Akanitazama juu ya miwani. Kwake kila kilichoguswa na maji kilifulwa: nguo, muhogo, watoto. "Papa Diksio," akasema, "ulikuya kuomba ama kufundisha?" Nikasema nimekuja kuomba. Akauliza huko nyuma ya kanisa tunatengeneza nini. Nilijua alikotoka, nilijua alivyokimbia, nilijua neno gani halikupaswa kuingia katika nyumba ile. Basi nikachagua neno kama mtu anayechagua nyanya. "Vyombo," nikasema. "Vyombo vya chuma." Chombo ni neno pana. Linabeba sufuria, linabeba jahazi, na ukilisukuma kidogo linabeba hata mkuki. Mama Furaha akafikiri juu ya sufuria. Nami nikamwacha afikirie hivyo, nikala ndagala zake kwa bugali, nikaondoka nimeshiba na ruhusa nimepata.

Ugomvi wetu wa kwanza na Olivier ulikuwa juu ya kitufe kimoja. Mchezaji akishakusanya vitu vyake vyote anabonyeza mahali, na nyundo inaanza kupiga. Vijana wenyewe walipaita "forje". Nikasema forje ni Kifaransa. Olivier akasema, "Bon, tuandike TENGENEZA. Fasi yote bantu banasikia." Nikamwambia kutengeneza ni neno la kila mtu, unatengeneza kiti, unatengeneza nywele. Chuma kina neno lake, na neno lenyewe ni kufua. Mhunzi hufua chuma. "Mais Papa, kufula ni nguo!" "Ni nguo na ni chuma," nikasema. "Lugha tajiri haioni haya kutumia neno mara mbili." Tulibishana mpaka mandasi zikapoa. Mwisho Olivier akainua mikono, na kwenye orodha ya Furaha nikaandika kwa herufi kubwa: FUA UPANGA.

Wiki hiyohiyo mimi na Olivier tulikwenda soko la Chilinde, Lilongwe, kwa fundi mmoja aliyekuwa anageuza springi za magari kuwa majembe na mapanga. Tulitaka kuona hatua zake na kunasa sauti. Furaha hakuja, maana sare za kwaya zilikuwa zinadaiwa na mama yake alimhitaji. Fundi alikuwa amezungukwa na watu wa sokoni, moto wake ndani ya ringi ya gurudumu, mtoto wa kike akiuza karanga hatua chache pembeni. Akatuuliza bila kuinua kichwa, "Mukufuna chiyani?" Mnataka nini? Olivier, kwa Kichewa chake cha barabarani, akanyoosha simu na kusema, "Tikufuna phokoso." Tunataka kelele. Soko zima lilicheka. Fundi alicheka zaidi ya wote, akatupigia chuma kwa madaha kama mpiga ngoma harusini, na kila alipomaliza pande moja alilitumbukiza ndani ya ndoo, likalia shiii. Tulirudi na sauti nzuri sana. Nilimsimulia Furaha habari za karanga na za kelele. Sikumwambia kwamba yule fundi alikuwa anafua. Sikuona haja. Neno nilikuwa nimeshaliandika.

Mama Furaha aligundua kwa njia rahisi: alimletea binti yake chakula. Ilikuwa mchana, mlango wetu ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, akaingia na bakuli la maharage kichwani. Kwenye kioo kulikuwa na mkuki, mkubwa, ukizunguka polepole ili uonekane pande zote. Akatua bakuli. "Papa Diksio. Hii njo chombo?" Olivier akaanza kufunika betri ambayo ilikuwa imeshafunikwa. Nikasema, "Ni… chombo cha vita, Mama." "We unasoma bitabu vyote hivi, unaogopa neno moja? Sema silaha. Si-la-ha." Nikasema silaha. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Siye tulikimbia hizi vitu kwa miguu," akasema, "na nyie munakaa hapa na umeme ya kanisa munazichora ziwe nzuri." Akamshika Furaha mkono. Furaha hakubishana, ila alipofika mlangoni aligeuka akatazama kompyuta, na mimi nikatazama maharage. Olivier aliyala peke yake. Mimi sikuweza.

Chumba kikawa kikubwa ghafla. Chikondi alikuwa ameshapanga siku ya majaribio na hatukuwa na mchoraji mwingine, kwa hiyo tukampelekea alichokuwa amemaliza Furaha bila kukikagua vizuri. Olivier aliunganisha kila mchoro na sauti yake kwa majina ya faili tu. Siku yenyewe tulifika Area 18 tumevaa vizuri. Ofisi ya Chikondi ilikuwa sebule ya nyumba ya kawaida, makochi yamesukumwa ukutani, vijana wa Kikongo na wa Kirundi wanaokaa mjini wamealikwa kucheza, na sahani ya kuku mezani ambayo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuigusa. Mchezaji wa kwanza akachimba madini yake, akachoma makaa, akabonyeza FUA. Na pale kwenye kioo likatokea beseni. Beseni la plastiki la buluu, lililochorwa kwa upendo mkubwa, na ndani yake upanga umelala katika povu la sabuni, huku nyundo ya Chilinde ikipiga kwa madaha, kisha shiii.

Nimesikia watu wakicheka katika maisha yangu, lakini kile kilikuwa kicheko cha watu wanaoshikana ili wasianguke. "Banafula mupanga na sabuni!" "We, uanike basi, ikauke!" "Na pasi iko wapi?" Chikondi, ambaye hakuelewa, alitafuta neno katika simu yake, akasoma, kisha akanigeukia kwa heshima yote ya mtu aliyelelewa vizuri: "Agogo, n'chifukwa chiyani tikuchapa lupanga?" Babu, kwa nini tunafua upanga? Kuchapa, kwao, ni kufua nguo na basi. Olivier hakusema "nilikuambia". Afadhali angesema. Alichukua paja la kuku akala akitazama dirishani.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Furaha. Nilihitaji mchoro mmoja urekebishwe, na sikuwa na njia nyingine. Walikuwa wanakula. Akanipa kiti, akanipa maji ya kunawa, na hapo nikajua sijafukuzwa. Nikamuuliza Furaha juu ya beseni. Aliinamisha kichwa. "Papa, uliandika FUA. Nilizani ni mufano. We unapenda mifano. Nikasema, Papa Diksio anajua sababu yake." Miezi yote ile mtoto huyu aliniamini kiasi kwamba niliponena upuuzi aliuchorea povu. Alikuwa amekulia kambini, hajawahi kumwona mtu akifua chuma, na siku ya kumwona mimi nilimwacha anashona sare.

Mama Furaha alikuwa ameacha kutafuna. "Ngoja. Banafula silaha?" Nikamweleza ni kosa, litaondolewa, mama asijali. "Banafula silaha," akarudia, na bega lake likaanza kutikisika. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Kisha akanitazama kwa makini. "Sasa mbona munatoa? Kati ya yote munafanya kule, hii njo kitu kimoja yenye akili. Kwetu kisu kikichinja kuku, hakirudie kwa sombe mpaka kimefulwa. Kuku tu! Na nyie munataka mutu apige mwenziwe na mukuki, arudie nayo kwa moto, muiongezee makali, aende tena. Maji iko wapi?" Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba kisu huoshwa. Furaha alinitazama, nikaufunga.

Akatoa masharti yake huku akimega bugali. Silaha iliyompiga mtu isirudi motoni kabla ya kwenda majini. Maji yawe ya mto, yanayotembea. Na mwenye nayo aende mwenyewe. "Asitume mutu. Asilipe mutu. Mukono yake njo ilipiga, mukono yake njo ifule." Nikauliza, na Furaha? "Furaha atachora muto," akasema. "Akichora muto vizuri, achore na mukuki." Furaha aliinuka akaenda nje kana kwamba anaangalia kuku, na tulimsikia akipiga makofi peke yake nyuma ya nyumba.

Olivier alipolisikia alilalamika kwa dakika chache za heshima. "Sasa Mama Furaha njo shefu wa kazi." Kisha akavuta kiti. Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kama mtu anavyokumbuka mvua nzuri. Tulibuni utaratibu ambao sijausikia kwingine. Kila pigo liliacha doa kwenye silaha. Doa lilikuwa na uzito, kwa hiyo upanga wa mpiganaji mkali ulizidi kuwa mzito mkononi mwake mpaka akawa anaunyanyua kama gogo. Mhunzi wa kijiji alikataa kuupeleka motoni. Ilibidi uteremke mtoni, upige magoti, na uufue kwa mkono wako, polepole, kwa mwendo wa mtu anayefua shuka, na haikuwezekana kulipia ili uwahi. Ukitoka hapo ndipo moto unakubali, na upanga uliopita majini na motoni ulikuwa na makali kuliko panga zote. Kitufe kikabaki kimoja, chenye neno moja. Furaha alikichora upande mmoja moto na upande mwingine maji. Chikondi alitafuta neno la Kichewa linalobeba yote mawili, akakosa, akaliacha FUA lilivyo. Nililala na furaha siku hiyo, ingawa nilijua sifa si yangu.

Tulipoufungua mchezo kwa watu, malalamiko yalikuja kama nzige. "Huu ni mchezo ama ni dobi?" aliandika mtu wa Mombasa. Lakini hawakuondoka. Kule mtoni mikono yao ilikuwa na kazi na midomo haikuwa nayo, wakaanza kuandikiana. Adui aliyekuchoma asubuhi alikuwa amepiga magoti jiwe la pili akifua mkuki uleule. Hatukuweka sheria yoyote ya kuzuia mapigano pale ukingoni, Olivier hata hakuifikiria, lakini wachezaji wenyewe waliiweka, na aliyeivunja alisemwa kwa Kiswahili cha kila pwani na kila mlima. Jioni tukiwa tunakunywa chai nilikuwa nawasomea vijana mazungumzo ya mtoni kwa sauti: bei ya vitunguu Bujumbura, mtoto aliyeota meno, mtu wa Tanga akimfundisha mtu wa Goma kusema "nawa". Makosa yalikuwa mengi. Niliyasoma kama yalivyoandikwa.

Mwaka uliofuata Olivier alipata nafasi ya kuhamia nchi ya baridi. Tulimsindikiza kwa nsima na kuku, nikatoa hotuba ndefu, na katika hotuba ile yote sikusema lile jambo moja, la kitufe. Mama Furaha naye, toka siku ya mkuki, hakulitaja tena neno "vyombo" mbele yangu, na mimi sikulitaja. Tulisalimiana, tuliazimana chumvi, lakini neno lile lilikaa kati yetu kama kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Basi Jumamosi ile sebuleni kwa Furaha tuliingia bondeni mara ya mwisho. Ukingo wa mto ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wamesafiri kutoka kila pembe ya mchezo, wamepiga magoti kwenye mawe, wengine ndani ya maji mpaka kifuani, kila mmoja na silaha yake. Olivier alikuwapo, huko kwake kukiwa bado asubuhi na theluji. Niliandika kwa kidole kimoja: "Olivier, tungeandika TENGENEZA. Ulikuwa na haki." Jibu lilichelewa. Kisha: "Papa Diksio, kama ningekuwa na haki, hii mchezo ingekufa zamani. Fula tu."

Nilikuwa na upanga ule wa kwanza kabisa, wa majaribio, ambao Furaha alinihifadhia. Nilishika kipanya, na Mama Furaha akatoka jikoni akifuta mikono. Hakuwahi kuugusa mchezo ule hata siku moja. Alisimama nyuma ya kiti changu. "Nipishe," akasema. Nikampisha. "Nabonyeza wapi?" Furaha akamwonyesha penye FUA. Akabonyeza, akashikilia, akaanza kuzungusha mkono kwa mwendo anaoujua, na kwenye kioo upanga ukaanza kwenda na kurudi majini. Hakuwa na haraka. Wote pale mtoni walikuwa wanafanya hivyo hivyo. "Imetakata?" akauliza. "Imetakata, Mama," Furaha akasema. Maji yakaendelea kidogo, kisha kioo kikawa cheusi, na sisi watatu tukabaki tunajitazama ndani yake.

"Bon," Mama Furaha akasema. "Tukule."

Tulikula sombe, bugali na samaki, na tulicheka sana juu ya beseni la buluu. Nilipomaliza nilimshukuru mpishi na kutafuta fimbo yangu ya kutembelea. Mama Furaha alikuwa ameshakusanya sahani, sufuria na masinia, akavipanga mbele yangu juu ya meza, pale ilipokuwa kompyuta.

"Papa Diksio, uliniambia ni vyombo," akasema. "Hii sasa njo vyombo. Enda uvifule."

Vyombo havifuliwi, huoshwa. Nilikunja mikono ya shati nililolipigia pasi, nikabeba lile rundo lote hadi kwenye bomba la uani, nikaenda kuvifua.